Madiwani Wachague Ombi Moja la Kisheria



Natoa maoni yangu juu ya namna halmashauri zetu za wilaya zinavyochagua mambo ya kuiomba Serikali Kuu.

Kabla ya Bunge la bajeti halmashauri huwa na maombi mengi. Mengine hubebwa na Mbunge, ambaye kwa mujibu wa sheria ni mjumbe wa Baraza la Madiwani. Mengine hupitia ALAT, jumuiya iliyoundwa mwaka 1984 ili halmashauri ziwe na sauti moja. Njia zipo. Taabu ni shehena tunayoipitisha humo: barabara hii, zahanati ile, kisima cha kata fulani, gari la idara fulani, maana kila diwani anataka la kwake liandikwe. Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Je, mshika ishirini?

Maoni yangu ni kwamba ombi la kwanza la halmashauri zote liwe la kisheria. Tuombe kwamba kila kazi mpya inayokabidhiwa halmashauri, na kila chanzo cha mapato kinachoondolewa, kiandamane na fedha iliyotajwa ndani ya sheria hiyo hiyo.

Ndugu wasomaji, tuangalie yaliyopita. Mwaka 2003 kodi ya maendeleo ilifutwa. Hapana anayetaka irudi, maana ilikuwa kero kubwa kwa wanyonge. Serikali ilileta ruzuku ya kufidia, lakini ruzuku hupangwa kila mwaka na huweza kupungua, wakati chanzo kilichofutwa hakipo tena. Mwaka 2016 ukusanyaji wa kodi ya majengo ulihamishiwa Mamlaka ya Mapato. Mwaka 2017 ushuru wa mazao, uliokuwa ukifika asilimia 5, ulishushwa hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Mkulima alipata nafuu, na ni haki yake. Mwaka 2018 sheria ikazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hilo nalo ni jema.

Kila hatua ukiitazama peke yake ni njema. Ukizijumlisha, utaona kwamba unga umepunguzwa na walaji wameongezwa.

Sisi walimu tunayaona matokeo yake. Tangu Januari 2016 mtoto husoma bila ada wala michango ya lazima, na madarasa yamejaa. Ruzuku iliyopangwa kwa shule ya msingi ni Sh. 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake ni ya vitabu. Shule yenye watoto 500 haiwezi kuvuka Sh. 5,000,000 kwa mwaka mzima. Choo kikibomoka au paa likiezuliwa na upepo, fedha hiyo haitoshi, na macho yote huelekezwa kwa halmashauri. Halmashauri nayo hutazama Dodoma.

Wapo watakaosema kwamba wananchi hawali sheria, wanataka kisima. Ni kweli wanataka kisima. Lakini kisima cha kuomba hupatikana mara moja, na kikiharibika tunaanza kuomba upya. Mapato yanayolindwa na sheria huchimba kisima mwaka huu, na mwakani huleta fundi wa kukitengeneza. Tusisahau pia kwamba halmashauri za wilaya zilifutwa mwaka 1972 wakati wa Madaraka Mikoani, zikarudi kwa sheria za mwaka 1982 na kuanza kazi tena mwaka 1984. Sheria ndiyo iliyozizaa, na ndiyo inayoweza kuzilinda.

Wengine watasema halmashauri zenyewe hazitunzi fedha. Hoja hiyo haina budi kujibiwa kwa vitendo. Kila mwaka Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu hutoa taarifa yake, na halmashauri yenye hoja za ukaguzi zisizojibiwa itaomba kwa sauti hafifu. Anayetaka kuongezewa lazima aonyeshe alivyotumia alichopewa.

Napendekeza mambo matatu. Kwanza, Mkutano Mkuu wa Kijiji, ambao hupaswa kukutana kila miezi mitatu, uulizwe mapema mambo yanayowasibu watu, na Kamati ya Maendeleo ya Kata iyapeleke mbele. Pili, Baraza la Madiwani lichague hadharani mambo yasiyozidi matatu, ombi hilo la kisheria likiwa la kwanza, na orodha ibandikwe kwenye mbao za matangazo za vijiji. Tatu, baada ya bajeti ya Juni kila diwani arudi kwenye kata yake aeleze ni lipi lililokubaliwa, lipi lililokataliwa na kwa sababu gani.

Hapo Mbunge atakaposimama Bungeni, na wajumbe wa ALAT watakapokutana na Waziri, watasema neno moja linalofahamika hata kijijini. Na sisi wananchi tutajua wa kumpongeza na wa kumhoji.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Mkoani Singida.