Pesa ya Bibi



Mara nyingi mnatuuliza Krismasi ya huku London ni ya namna gani. Leo tutawasimulia alasiri moja ya Desemba iliyopita, ambayo karibu itutoe machozi.

Katika bustani ya Hyde Park, ambayo Mfalme Charles wa Kwanza aliwafungulia wananchi mwaka 1637, lipo gulio la Krismasi lililoanza mwaka 2007. Watoto walikuwa wametushika tangu Novemba, kwa kuwa wenzao shuleni walikwisha kwenda. Basi baba watoto na sisi tukapanga: kila mtoto mchezo mmoja, na chakula tungebeba nyumbani. Tukafunga maandazi, tukajaza chai kwenye chupa, tukaondoka.

Tulifika saa nane mchana. Miti ilikuwa imepukutika majani yote, na pumzi zilitoka vinywani kama moshi. Katikati ya Desemba jua la London huzama kabla ya saa kumi, kwa hiyo hatukukaa sana kabla taa hazijaanza kung'aa. Vibanda vya mbao vilipangwa kwa mtindo wa Kijerumani, maana desturi ya magulio haya ina mizizi huko. Lile la mji wa Dresden lilianza mwaka 1434. Ilinukia mdalasini na soseji za kuchoma, na biskuti za tangawizi zenye umbo la moyo zilining'inia kwa utepe.

Binti yetu wa miaka 11 alichagua kuteleza juu ya barafu. Alianguka mara nne, akatoka anacheka. Mdogo wake wa miaka 6 alipanda farasi wa mbao wanaozunguka. Aliposhuka tu, akaliona gurudumu kubwa linalopandisha watu juu kuliko miti. Akalitaka. Tulipokataa, alijitupa chini kwenye matope akalia kwa sauti.

Watu waligeuka. Baba yake akatia mkono mfukoni. "Tumpandishe tu, watu wanatutazama."

"Si tulikubaliana?" tulimjibu kwa sauti ya chini, lakini yenye makali. Akanuna. Tukanuna. Kumbe binti alikuwa akisikiliza.

"Mama, kwani hatuna pesa?"

Swali lile lilituchoma. Pesa ilikuwapo, lakini ilikuwa ya kumtumia bibi yao Tanga, anunue mchele na kuku wa sikukuu, na wajukuu wanaokaa naye wapate sare za Januari. Hilo hatukuwahi kuwaambia watoto. Kila siku walisikia "hapana" tu, wala hawakujua hapana hiyo inamlisha nani.

Tuliwapeleka pembeni, tukaketi kwenye benchi, tukamimina chai. Baba yao ndiye aliyeeleza. Mdogo aliendelea kulia kwa muda, maana mtoto ni mtoto. Halafu akauliza, "Bibi atapika pilau?" Tukamwambia ndiyo. "Na kuku?" Na kuku. Akafuta pua kwa mkono wa koti, akaomba andazi la pili.

Hatukupanda gurudumu. Jioni ile tulituma pesa kwa simu, watoto wote wawili wakiwa wamesimama karibu, na bibi alipopiga kushukuru, tuliwapa wao simu waongee naye. Baba watoto na sisi tuliombana radhi baada ya watoto kulala.

Mama mwenzetu, huenda kwako hakuna barafu, lakini viwanja vya sikukuu vipo, na vishawishi ni vilevile. Kabla ya kutoka nyumbani, kubalianeni na mumeo kiasi cha kutumia, na mmoja wenu akilegea, msibishane mbele ya watoto. Kisha waambie watoto ukweli kwa kadiri ya umri wao: pesa hii ni ya nini, na ni ya nani. Mtoto anayejua anamnyimia nani huanza kujifunza kutoa.

Yule tunayemkumbuka Krismasi alilazwa horini kwa kukosa nafasi. Tusione haya kuwaambia wanetu kwamba na sisi tuna mipaka.

Tunawatakia sikukuu ya amani nyumbani mwenu.