Kengele ya Monon: Mimi Niko na Wabash

Wenzangu, Novemba kule Indiana, Marekani, vyuo vidogo vya Wabash na DePauw hukutana katika ligi ya mpira wa Kimarekani, ule binamu wa raga. Mshindi hubeba kengele ya gari moshi, karibu kilo 136, iliyogombewa tangu 1932. Wenyewe walianza kupambana 1890.

Wapinzani wangu wanasema DePauw, ati wana wanafunzi wengi. Hata! Wabash ni wavulana watupu, hawafiki elfu moja, na hawaogopi mtu.

Lakini kinachonivuta zaidi ni karo. Pande zote mbili, hakuna anayelipiwa masomo kwa ajili ya mpira. Kaka yangu alilipiwa na shule fulani kwa sababu ya raga. Alipoumia goti, karo ikakatika. Kijana wa Wabash akiumia, dawati lake linamngoja. Mwaka huu nawapa Wabash, kwa pointi tatu hivi.