Mzee Akiokolewa, Shamba Hubaki na Nani?

Pendekezo la kujenga vituo zaidi vya kuwaokoa wazee wanaotuhumiwa uchawi katika Kaunti ya Kilifi hurudi vinywani mwa viongozi kila baada ya mazishi. Mzee amekatwa kwa mapanga usiku, wakubwa wamefika matangani, maikrofoni imepita mkono hadi mkono, na jibu ni lile lile: fedha zitengwe, pajengwe mahali pa kuwahifadhi waliobaki. Mimi nalipinga jibu hilo. Roho za wazee hao naziombea kama mtu mwingine yeyote, lakini kumwondoa mzee shambani mwake ndiko hasa alikokutaka yule aliyemtuma muuaji.

Shirika la Haki Yetu limekadiria kwamba katika kaunti hiyo karibu kila wiki mzee mmoja huuawa kwa jina la uchawi, na kwamba mara nyingi familia zenyewe huamini aliyeagiza ni mtu wa ndani. Sehemu hiyo ya pili ndiyo inayorukwa hotubani. Muuaji wa kukodiwa hana kisa na mzee wa watu. Hutoka mbali, hulipwa, huondoka. Anayemlipa ndiye anayejua ni mlango upi haufungi vizuri na ni saa ngapi mzee hutoka nje kwenda haja.

Sasa tuulize anachokitaka mlipaji. Pwani, ardhi nyingi haikuwahi kuwa na karatasi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka wenye madai kwenye ukanda wa pwani wayawasilishe. Wamijikenda kwa jumla waliachwa nje ya utaratibu huo, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Uhuru ulipokuja, serikali ikairithi, na hadi leo kuna familia nyingi Kilifi zinazoitwa maskwota mahali yalipo makaburi ya babu zao. Penye hali kama hiyo, hati ya shamba imo kichwani mwa mzee. Yeye ndiye anayejua mpaka unapita kwenye mwembe upi, nani alipewa mahali pa kulima tu na nani aliuziwa, shangazi yupi aliyeachika akarudi nyumbani na kukatiwa kipande chake. Maafisa wa upimaji wanapofika kijijini, neno lake ndilo linalosikilizwa. Na hata pale penye hati, jina lililoandikwa mara nyingi ni lake.

Bei nayo imepanda. Mnunuzi kaja na pesa mkononi, vijana wameshazigawa kichwani, na mzee kasema hapana. Baada ya hapo ndipo mvi zake zinapoanza kuonekana za ajabu. Mtoto wa jirani akifa kwa homa, jina lake hutajwa. Ng'ombe akianguka, jina lake hutajwa. Neno mchawi huwafanya majirani wanyamaze siku watakaposikia kelele usiku, na kesho yake polisi wakija, kijiji kizima hakikuona kitu.

Wanaotetea vituo wana hoja zao, nami nizitaje. Wanasema uhai kwanza, shamba baadaye. Ni kweli, na wale waliowapokea wazee katika kituo cha Kaya Godhoma, huko Ganze, wamefanya kazi ambayo serikali ilipaswa kuwa imeifanya kabla yao. Wengine wanasema imani ya uchawi ipo na ina mizizi, hivyo dawa ni elimu. Sikatai kwamba imani ipo. Lakini mwanauchumi Edward Miguel, katika utafiti aliouchapisha mwaka 2005 kuhusu mauaji ya vikongwe wilayani Meatu, Tanzania, aliona kwamba katika miaka ya ukame au mafuriko mauaji hayo yalifika maradufu, na kwamba waliouawa walikuwa hasa wanawake wazee walioangamizwa na jamaa zao. Imani ya watu wa Meatu haikubadilika mwaka hadi mwaka. Kilichobadilika ni chakula kilichokuwemo ghalani na idadi ya midomo ya kukila.

Turudi kwa mzee aliyeokolewa. Gari limekuja limemchukua, ana kitanda, ana uji asubuhi, ana wenzake wa kuzungumza nao. Kule nyumbani minazi inaendelea kuzaa na kuna mtu anayeiangua. Mikorosho ina mwenyewe mpya. Msimu wa kwanza jirani anasogeza mpaka hatua chache, na hakuna wa kumkemea. Msimu wa pili anakuja mnunuzi, anaonyeshwa shamba na mwana wa kiume, na akiuliza habari za baba anaambiwa mzee hayupo, alihama. Wapimaji wakifika, anayesimama shambani ndiye anayeandikwa. Kwa hiyo baba wa watu amerithiwa akiwa hai, na hakuna sheria hata moja iliyovunjwa hadharani.

Halafu tazama wanachojifunza walio kwenye boma la pili. Zamani, kumwondoa mzee kulihitaji kumlipa muuaji na kubeba hofu ya kitanzi. Kituo kikiwa karibu, tuhuma peke yake inatosha. Uvumi ukienea, barua ya vitisho ikitupwa mlangoni, mzee mwenyewe ataomba ahamishwe na serikali italeta gari. Tumewapunguzia gharama. Kila kituo kipya tunachokifungua bila kulinda shamba alilotoka mzee kinamrahisishia kazi anayelitaka shamba hilo, na viongozi wanaokata utepe wa vituo hivyo wanapaswa kuambiwa hivyo mbele ya watu.

Hapa ndipo subira inaponiishia. Tunaambiwa sheria haitoshi, iletwe sheria mpya. Sheria ipo! Sheria ya Uchawi ya Kenya, ya mwaka 1925, inafanya kumtuhumu mtu kwamba ni mchawi kuwa kosa la jinai, isipokuwa tuhuma ikipelekwa kwa mamlaka. Ni mabaraza mangapi ya kijiji ambapo mzee amesimamishwa na kuitwa mchawi mbele ya watu, na hakuna aliyekamatwa kwa maneno hayo? Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima, bila kudhulumiwa, na kutunzwa na familia pamoja na serikali. Na Sheria ya Urithi, kifungu cha 96, inasema wazi kwamba aliyemuua mtu hawezi kupata sehemu yoyote ya mali ya marehemu, moja kwa moja wala kwa njia ya kuzunguka.

Kifungu hicho cha 96 kingetosha kuwatia hofu wengi, kama kingetumika. Hakitumiki kwa sababu kinamhitaji muuaji anayejulikana, na polisi wetu wameridhika na watu wasiojulikana. Huuliza marehemu alikuwa na ugomvi na nani. Huuliza kama kweli alisemwa kuwa mchawi, kana kwamba jibu la swali hilo linapunguza uzito wa kosa. Sijasikia wakiuliza swali ambalo mpelelezi yeyote angelianza nalo kama aliyeuawa ni tajiri wa mjini: nani anafaidika? Mzee wa Magarini au Kaloleni mwenye ekari kadhaa za minazi ana mali ya kutosha kuuliwa. Basi ana mali ya kutosha kufanyiwa uchunguzi.

Jibu la swali hilo limo ofisini mwa chifu. Anayetaka kusimamia mali ya marehemu mahakamani huhitaji barua ya chifu inayowataja warithi. Mashamba ya kilimo hayauzwi bila kibali cha bodi ya kudhibiti ardhi, na kwenye bodi hiyo serikali imekaa. Kwa hiyo dola inayosema haiwajui wauaji inapelekewa majina ya wanufaika, yakiwa na namba za vitambulisho, miezi michache baada ya mazishi, na inayapigia muhuri.

Inawezekana kufanya vingine. Wilayani Magu, mkoani Mwanza, huko huko Tanzania, shirika la MAPERECE likishirikiana na HelpAge liliwafunza wasaidizi wa sheria wa vijijini na kuwasaidia wazee kuandika wosia. Walieneza pia majiko yenye moshi mdogo, kwa sababu macho mekundu ya bibi aliyepikia kuni maisha yake yote ndiyo yaliyokuwa yakitajwa kuwa alama ya uchawi. Waliingia nyumbani kwa mzee, wakamwimarisha pale pale alipo.

Kilifi inaweza kuanza na jambo dogo kuliko hilo. Mzee akituhumiwa, akivamiwa au akiuawa, shamba lake lifungwe siku hiyo hiyo: lisiuzwe, lisigawanywe, lisiandikishwe kwa jina jipya, na chifu asitoe barua yoyote mpaka upelelezi ukamilike. Msajili wa ardhi ana uwezo wa kuweka zuio kwenye hati. Pasipo na hati, naibu kamishna wa kaunti aandike mipaka mbele ya mashahidi, mzee mwenyewe akiwapo kama yu hai. Na mzee aliyelazimika kukimbia achukuliwe kuwa mwenye shamba aliye safarini, mazao yake yahesabiwe, na anayeyavuna aulizwe kwa ruhusa ya nani.

Wapo watakaosema machifu nao wanaishi kijijini na wanaogopa mapanga hayo hayo. Wanaogopa, na wana sababu. Basi kazi hiyo wapewe maafisa wasio wa eneo hilo, na waanze na wazee waliopo Kaya Godhoma leo: kila mmoja aulizwe shamba lake liko wapi, kisha waende wakatazame nani analilima.