Surua na bwaki: musitugawanyie vifo

Tumechoka kusikia neno hili: "Surua iliisha, mutoto alikufa na bwaki." Katika kitabu cha hesabu ni magonjwa mawili. Kwa mama aliyezika ni mutoto mumoja.

Wanainchi wajue namna inapitaka. Homa kali inaunguza akiba ya mwili. Kinywa kinajaa vidonda, mutoto anakataa ziwa, uji anautapika. Tena surua inaharibu ngozi ya ndani ya matumbo: anahara, na protini za damu zinavuja, zinapotelea katika choo. Hapo albumini, protini yenye kushikilia maji ndani ya mishipa, inashuka. Chumvi na potasiamu nazo zinatoka, mutoto analegea. Yule aliyekuwa amekonda mbele ya surua, kiisha wiki chache miguu inavimba, nywele zinageuka rangi. Ni bwaki hiyo, na ni surua iliyoileta.

Vitamini A nayo inashuka katika damu. Macho yanakauka, wengine wanabaki vipofu. Na sisi ndio inchi ya mawese! Lakini mutoto mwenye kinywa cha vidonda hawezi kungojea sahani ya sombe. Anahitaji kapsule: uniti 200,000 siku ya kwanza, tena siku ya pili, kama ametimiza mwaka, chini ya hapo kipimo kinapunguzwa. Ni dawa ya bei ndogo sana. Sasa kwa nini mama anatumwa kuitafuta famasi, na hana hata franga za transporti?

Kuanzia 2019 mpaka mwanzo wa 2020, surua iliua zaidi ya watu 6,000 katika Kongo, karibu wote watoto. Mulipuko wa Ebola uliokuwako wakati huo, kuanzia 2018, uliua zaidi ya 2,200. Hatusemi Ebola ilipewa vingi mno. Tunauliza: magari, kamera na wakubwa wa Kinshasa, kwa surua vilikuwa wapi?

Tunadai: chanjo ifike mpaka katika kambi za wakimbizi na vijiji vya mbali, kila mutoto wa surua apewe vitamini A bure siku ile ile, apimwe mukono na kilo mbele ya kurudishwa nyumbani, na afuatiliwe wiki zinazofuata. Na kifo cha bwaki kiisha surua kiandikwe surua. Wakubwa wa afya, hesabu hiyo tutakuja kuiomba.