Uliza Maji Kabla ya Kutandika Mkeka



Katika chumba tunachokutania akina mama wa kanisa letu hapa Dunda imebandikwa kalenda ya zamani, iliyoachwa na mgeni mmoja aliyetoka Italia. Mwaka wake umekwisha siku nyingi, lakini hakuna anayethubutu kuibandua kwa sababu ya ile picha: ghuba ndogo ya Bahari ya Mediterania, mchanga mweupe kati ya miamba miwili, maji yametulia kama ya kwenye beseni, na mama mmoja amekaa na mwanawe bila mtu mwingine. Kila tukishona vitambaa au kuhesabu sadaka, lazima mmoja wetu ainue macho na kuuliza, "Mama nesi, hivi kwetu hakuna mahali kama hapa?"

Pako, na si mbali. Lakini kabla sijawaelekeza, nina jambo la kuwaeleza, ambalo nimelikalia kwa miaka kadhaa kwa sababu ya aibu.

Watu wengi wakisema wamekwenda pwani Bagamoyo huwa wameishia mbele ya mji, karibu na soko la samaki na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa. Pale pana raha yake, ila pana kamba za nanga, injini, magamba ya samaki, na siku za sikukuu magari kutoka Dar es Salaam yamejaa. Ukitaka utulivu shika njia ya kusini. Kaole ni kama kilomita 5 kutoka mjini. Pana magofu ya msikiti wa karne ya 13 na makaburi ya mawe, na watoto hushangaa wakielezwa kwamba zamani bahari ilifika karibu na pale, ilhali leo mikoko imesimama kati ya magofu na maji. Mbele yake ni Mbegani, penye chuo cha uvuvi. Huko, kati ya kichaka kimoja cha mikoko na kingine, utakuta vipande vya ufuko ambavyo havizidi urefu wa uwanja wa mpira, mchanga safi, kivuli cha minazi, na siku ya kazi usimwone mtu ila mama mmoja au wawili wanaookota kombe. Upande wa kaskazini, kuelekea mdomo wa mto Ruvu, sipapendi kwa watoto. Pana tope, na mtoni mna viboko na mamba.

Mama aliyelea, aliyepika, aliyeuza maandazi wiki nzima, akipata siku moja ya kukaa chini ya mnazi na watoto wake bila kelele amepata dawa ambayo haiuzwi duka lolote. Mkeka, chungu cha pilau, maji ya kunywa, nauli, basi. Sioni kwa nini starehe hii iachiwe wageni.

Sasa aibu yangu. Mimi sikuzaliwa pwani. Nililetwa na kazi, na kwetu maji makubwa niliyoyajua yalikuwa ya mto, ambayo yanakwenda upande mmoja tu. Jumatatu ya Pasaka ya mwaka 2019, tarehe 22 Aprili, nilikuwa kiongozi wa safari ya akina mama na watoto wao kwenda kwenye mojawapo ya vifuko hivyo. Nilipanga kila kitu: nani abebe mchele, nani kuni, nani sanduku la huduma ya kwanza. Saa ya kwenda nilipanga kwa kuangalia mwisho wa ibada. Kuhusu maji sikuuliza mtu.

Tulipofika maji yalikuwa yanapwa, na ilipofika saa sita yalikuwa mbali kabisa, mchanga umejitandaza kama shamba lililolimwa. Mbele kulikuwa na fungu la mchanga lililoinuka kidogo. Watoto walilifuata kwa miguu mikavu. Bibi mmoja wa hapo, mwenye kikapu cha kombe, alipita tukamwamkia. Akaitikia, akasema, "Wanangu, leo maji ya bamvua, watoto wasikae fungu lile." Tukamshukuru kwa adabu. Kisha tukaendelea kuimba. Nasema kweli, mimi sikujua bamvua ni nini, na nikaona haya kumuuliza mbele ya wenzangu ambao huniita kila penye swali.

Ilipata saa tisa. Maji yanapojaa hayaji kwa mbele tu kama unavyodhani. Kati ya fungu na ufuko huwa kuna bonde dogo ambalo macho hayalioni wakati mchanga ni mkavu, na maji hupita pembeni yakalijaza kwanza. Watoto watatu walikuwa bado wanajenga nyumba zao za mchanga mahali pakavu, na nyuma yao bonde limekwisha kuwa mkondo. Walipotuona tunapunga mikono walikimbia kutufuata. Wawili warefu walivuka maji yakiwa shingoni. Wa tatu, mvulana wa miaka 7, hakuvuka.

Hakupiga kelele. Hili naomba mlishike, kwa maana wengi tunangoja kusikia ukelele. Anayezama hana pumzi ya kuita, mdomo unaingia maji na kutoka. Tulikuwa akina mama kumi na moja tumesimama ufukoni, wengine tumeingia hadi kiunoni na kanga zinatulemea, na hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Ndipo nilipoujua upande wa pili wa ule utulivu tulioufuata. Mahali pasipo na watu ni mahali pasipo na wa kukusaidia.

Kijana mvuvi aliyekuwa akishona nyavu mbali kidogo alikuja mbio. Alishika dumu tupu la mafuta la lita 20, akaingia nalo, akamrudisha mtoto juu yake. Mtoto alikuwa wa rangi ya majivu na hapumui. Mmoja wetu alitaka kumning'iniza kichwa chini ili maji yatoke, mwingine kumkandamiza tumbo. Nilikataa kwa ukali ambao baadaye nilimwomba radhi. Nilimlaza chali, nikainua kidevu, nikambana pua, nikampulizia pumzi mdomoni mara tano, kifua kikiinuka kila mara. Baada ya ile ya tano alikohoa, akatapika, akalia. Sijawahi kusikia wimbo wa Pasaka mtamu kama kilio kile. Tulimpeleka hospitali, akalazwa usiku mmoja, akarudi nyumbani mzima.

Mama yake hakuzungumza nami kwa miezi minne. Sikumlaumu.

Baadaye nilikwenda kwa yule bibi wa kombe, nikakaa naye barazani na kuuliza nilichopaswa kuuliza siku ile. Alinifundisha bila kunisimanga, naye ni Mwislamu asiyetudai kitu. Nilichojifunza kwake, pamoja na nilichosoma, ni hiki.

Bahari hufuata mwezi. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku moja. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hupwa mbali sana na kujaa sana, kwa pwani yetu tofauti ikizidi mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, mwendo wake ni mdogo. Siku za bamvua hapa kwetu maji hupwa kabisa kiasi cha saa nne asubuhi na kujaa saa kumi alasiri, na kila siku inayofuata husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Aidha hayapandi kwa mwendo mmoja. Yanaanza polepole yakikudanganya, halafu katika saa ya tatu na ya nne yanakimbia. Siku ya bamvua saa moja ya katikati yaweza kumfikisha mtoto kutoka kwenye kifundo cha mguu hadi kifuani.

Na Pasaka je? Pasaka yetu hupangwa kwa mwezi. Ni Jumapili inayofuata mwezi mpevu wa kwanza kuanzia tarehe 21 Machi. Kwa hiyo kuna miaka Jumatatu ya Pasaka huangukia ndani ya bamvua yenyewe, kama ule wa 2019 ambapo mwezi ulikuwa mpevu siku ya Ijumaa Kuu. Miaka mingine, kama 2025, juma zima lilikuwa limepita na maji yalikuwa mafu. Nilikuwa nimeimba nyimbo za Pasaka tangu utotoni bila kuinua macho kuutazama mwezi wake.

Ile picha ya kalenda nayo nikaielewa. Mediterania ni bahari iliyofungwa karibu pande zote, na mahali pengi maji yake hayapandi hata nusu mita. Yule mama wa Italia anaweza kutandika mkeka asubuhi na kuukuta palepale jioni. Hata hivyo haina maana kwamba haiui. Ni katika bahari hiyohiyo mtume Paulo alivunjikiwa na merikebu karibu na kisiwa cha Malta. Someni Matendo sura ya 27. Akida aliamuru wanaojua kuogelea waruke kwanza, na wengine wafuate juu ya mbao na vipande vya merikebu, na watu wote 276 wakafika nchi kavu. Nimeisikia sura hiyo ikihubiriwa mara nyingi juu ya imani ya Paulo, nayo ni kweli, lakini sijasikia mhubiri akigusa zile mbao. Mimi nikiisoma sasa naliona dumu la yule mvuvi.

Kwa hiyo tunapokwenda siku hizi hatukosi madumu mawili matupu yaliyofungwa vifuniko vizuri, moja likiwa na kamba ndefu. Ukiona mtu anazama na hujui kuogelea, usimfuate, mtazama wawili. Mrushie dumu. Akitolewa hapumui, fanya kama nilivyoeleza, pumzi tano kwanza, kwa maana aliyezama amekosa hewa. Asipoamka, kandamiza katikati ya kifua mara 30 kwa nguvu na kwa haraka, kisha pumzi 2, na uendelee hivyo bila kukata tamaa wakati wengine wanatafuta gari. Akiamka, hata akisema hajambo, afike hospitali, kwa kuwa mapafu yaliyoingia maji yanaweza kuleta shida saa chache baadaye.

Mama mmoja awe wa kuangalia maji tu. Asipike, asisuke nywele, asishike simu. Baada ya nusu saa apokewe na mwingine. Watoto wahesabiwe kwa sauti. Msiende wawili au watatu mahali pa upweke, na mkifika mjulishe watu wa hapo. Wakitembea ndani ya maji waburute miguu, maana samaki taa hujifukia mchangani. Akikuchoma, tia mguu katika maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, kwa nusu saa au zaidi, maumivu hupungua sana, kisha uende ukaangaliwe kidonda. Watoto wachanga wakae kivulini.

Limebaki moja, na najua litawagawa wasomaji. Mwaka huohuo wa 2019 baadhi yetu tulianza kujifunza kuogelea. Kuna waliosema si heshima mama wa kanisa kuingia majini. Niliwajibu kwamba siku ile heshima zetu zote zilikuwa zimesimama ufukoni zikilia. Tunavaa suruali nyepesi na blauzi ya mikono mirefu, tunaingia siku za maji mafu, na mwalimu wetu ni binti wa mmoja wetu. Hatukubuni sisi. Kaskazini mwa Unguja, kupitia mradi uitwao Panje, wasichana wa Kiislamu wamefundishwa kuogelea wakiwa wamevaa mavazi ya kusitiri mwili mzima, wakijifunza kuelea kwa madumu ya manjano kama yetu. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na wengi sana kati yao katika nchi kama zetu. Ninayewaandikia ni mama wa miaka arobaini na zaidi, mnene kidogo, niliyechukua wiki sita kuelea tu. Mwenzangu mmoja aliweza siku ya kwanza na hajaacha kunikumbusha.

Mama wa yule mvulana ndiye aliyerudi kwangu mwenyewe, siku moja baada ya ibada, akaniuliza darasa la majini ni saa ngapi. Leo ananishinda mbali. Mwanawe amekua kijana, na tukifika ufukoni yeye hashuki kwenye gari na wenzake kukimbilia mchangani. Anakwenda kwanza kwa yule bibi, anamwamkia, na kumuuliza, "Bibi, leo maji gani?"