Kocha Akistaafu, Timu Isistaafu Naye

Kuanzia Voi hadi Wundanyi, kocha wa shule ya upili huwa ni mwalimu tu: asubuhi chaki, jioni filimbi. Akigonga miaka 60, TSC inamstaafisha, hata kama kabati la shule limejaa vikombe vyake. Hotuba, picha, keki, basi! Muhula ukifunguliwa, timu inaanza sifuri.

Angalia riadha. Brother Colm O'Connell alifika St Patrick's Iten 1976 kufunza jiografia. Hata alipoachia ukuu wa shule, uwanjani hakutoka. London 2012, David Rudisha, kijana aliyemnoa, akatwaa dhahabu ya mita 800.

Kwa hivyo wakuu wa shule, mwacheni mzee aendelee kuja jioni, mumlipe nauli, na mumpe msaidizi kijana mapema. Sisi wasee tulioacha chuo tuko hapa mtaani. Filimbi tutashika, mradi atufunze.