Sindano ya Uchungu: Dawa za Dharura na Lugha Yetu Mpakani Diff

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumebishana kwa muda mrefu juu ya jina la gari lenyewe. Wapo wanaoandika ambulensi, wapo wa ambulansi, na wapo wanaoshikilia kwamba jina fasaha ni gari la wagonjwa na kwamba hayo mengine ni uvivu wa kutafsiri. Nimewahi kuketi katika semina ambapo ubishi huo ulimaliza asubuhi nzima. Makala hii haikusudii kuuendeleza. Nia yangu ni kuingia ndani ya gari hilo, kuufungua mkoba wa dawa uliomo, na kuuliza jambo ambalo semina zetu hazijaliuliza: dawa hizi huitwaje kwa Kiswahili pale zinapotumika, na jina hilo humfanyia nini mgonjwa?

Ninaichukua Diff kuwa mfano. Diff ni mji mdogo wa Wajir Kusini, ulio kwenye mpaka wa Kenya na Somalia, na kutoka huko hadi mjini Wajir ni safari ya zaidi ya kilomita mia moja ya mchanga na vichaka. Mvua zikinyesha, barabara hugeuka tope na gari hulala njiani. Kiangazi, joto hufikia digrii 35 na zaidi. Mama aliyepatwa na matatizo ya uzazi huko hategemei chumba cha upasuaji kilicho karibu. Hutegemea kile alichonacho muuguzi mkononi kabla ya safari kuanza, na kile kinachoweza kutolewa garini safari ikiendelea.

Wakazi wa Diff huzungumza Kisomali. Muuguzi aliyetumwa huko huenda ametoka Kitui, Kisii au Taita, naye hufanya kazi yake kwa Kiswahili na kuandika kwa Kiingereza. Kati yao mara nyingi husimama dereva, maana ndiye anayezijua lugha zote mbili, yaani Kisomali cha nyumbani na Kiswahili cha barabarani. Hivyo maelezo ya dawa hutoka katika Kiingereza cha chupa, yakapita katika Kiswahili cha muuguzi, yakaingia katika Kisomali cha dereva, ndipo yamfikie mgonjwa na jamaa zake. Kiswahili hapo ni daraja. Daraja likiwa na ubao uliooza, haisaidii kitu kwamba kingo zote mbili ni imara.

Sasa tutazame ubao mmoja uliooza. Oksitosini ni dawa inayoukaza mfuko wa uzazi. Hospitalini hutumiwa kwa kipimo kidogo, kwa dripu, kuuongeza uchungu wa mama anayejifungua ikiwa uchungu huo umelegea. Lakini kazi yake kubwa katika huduma ya dharura ni nyingine: vipimo 10 vya kimataifa hudungwa msulini mara tu mtoto anapozaliwa ili kuzuia mama asivuje damu. Katika vituo vingi vya afya dawa hii huitwa kwa Kiswahili sindano ya uchungu. Jina hilo limechukua kazi moja ya dawa na kuisahau ile inayookoa maisha ya wengi zaidi. Mwambie mama aliyekwisha kujifungua, tena kupitia kwa dereva, kwamba unataka kumdunga sindano ya uchungu. Atakuuliza, na ana haki ya kuuliza: uchungu wa nini tena, na mtoto huyu hapa?

Tatizo haliishii hapo, kwa kuwa neno uchungu lenyewe limebeba mizigo mingi. Kuna uchungu wa uzazi, uchungu wa kidonda, uchungu wa shubiri na uchungu wa moyo. Dereva anayetafsiri anaweza kulielewa jina hilo kuwa dawa ya kutuliza maumivu. Kisomali kina neno lake mahususi la uchungu wa uzazi, nalo ni fool. Dereva akilitumia ataeleza kinyume cha kusudi, na akitumia neno la maumivu ya kawaida ataeleza jambo ambalo dawa hailifanyi. Kwa vyovyote vile mama amepewa habari isiyo sahihi, na hakuna aliyesema uongo.

Hatari imezidi tangu dawa nyingine ilipotokea. Oksitosini huhitaji kuhifadhiwa katika baridi ya digrii 2 hadi 8, na ni rahisi kufikiria jinsi sharti hilo linavyotimizwa mahali ambapo umeme ni wa kubahatisha na jua ni kama la Diff. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kabetosini inayostahimili joto, baada ya utafiti uliowahusisha wanawake wapatao 30,000 katika nchi kumi, Kenya na Uganda zikiwemo. Dawa hii haihitaji jokofu, na kwa nchi kavu kama ile ni neema kubwa. Lakini ina sharti moja kali: hutolewa baada ya mtoto kuzaliwa, ili kuzuia damu, basi. Hairuhusiwi kabisa kutumiwa kuanzisha wala kuongeza uchungu, kwani nguvu yake hudumu mwilini muda mrefu kuliko ile ya oksitosini na haipunguzwi kwa kufunga mrija wa dripu. Mfuko wa uzazi unaweza kupasuka, na mtoto akakosa hewa tumboni. Je, tunataka dawa hii nayo irithi jina la sindano ya uchungu kwa sababu tu inafanya kazi kama ndugu yake? Mhudumu mpya akiagizwa kwa simu, kwa Kiswahili, alete sindano ya uchungu, ataleta ipi?

Wenzetu wa Mombasa na Lamu husema utungu pale tunaposema uchungu. Ningependekeza tuliazime umbo hilo na kuliwekea mpaka: utungu uwe wa uzazi peke yake, na uchungu ubaki na maana zake nyingine. Hata hivyo dawa inayotolewa baada ya kujifungua isiitwe kwa jina lolote kati ya hayo mawili. Iitwe sindano ya kuzuia damu ya uzazi. Jina ni refu, nakubali. Wapenda istilahi za neno moja watalikunjia uso. Lakini linaeleza kazi ya dawa na wakati wake, na dereva atalitafsiri bila kukosea, maana damu na dhiig hazina utata.

Au tuseme zina utata mdogo, kwa sababu Kiswahili chetu cha damu nacho kina mitego. Kuna vidonge vya kuongeza damu, yaani vya madini ya chuma, ambavyo mama huvimeza kliniki kwa miezi. Kuna kuongezewa damu, yaani kutiwa damu ya mtu mwingine, jambo ambalo baadhi ya jamaa husita kulikubali hadi wazee washauriane. Kisha kuna asidi ya traneksamiki, gramu moja inayodungwa polepole mshipani, ambayo hufanya damu iliyoanza kuganda isiyeyuke. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza kwa akina mama wanaovuja damu mwaka 2017, na ni dawa hiyo hiyo anayopewa mtu aliyejeruhiwa kwa risasi au kwa ajali ya gari. Nimewahi kumsikia muuguzi akiieleza kwa jamaa za mgonjwa kuwa ni dawa ya kuongezea damu. Tazama jinsi mnyambuliko wa kitenzi kimoja, ongeza, ongezea, ongezewa, ambao sisi huufundisha kwa majedwali darasani, unavyoamua kama jamaa watakubali sindano mara moja au wataomba muda wa kuitana. Na muda ndio usiokuwapo: dawa hii ina faida ikitolewa ndani ya saa tatu tangu mama ajifungue.

Saa tatu! Hapa pana mtego mwingine, na ni wa Kiswahili hasa. Sisi huhesabu saa tangu jua kuchomoza. Mama aliyejifungua saa mbili asubuhi amejifungua saa 8.00 kwa saa ya karatasi. Bibi akimwambia dereva saa mbili, dereva akamwambia muuguzi saa mbili, na muuguzi kwa haraka akaandika 2.00 kwenye barua ya rufaa, hospitali itakayompokea itaona kwamba muda umekwisha kupita. Vivyo hivyo kwa magnesiamu salfeti, ambayo huhitaji kurudiwa kila baada ya saa nne. Kosa la namna hii halihitaji mtu mjinga. Huhitaji watu watatu werevu, kila mmoja na saa yake.

Nimeitaja magnesiamu salfeti, na ni lazima niseme kidogo juu yake. Ndiyo dawa ya mama mjamzito au aliyejifungua ambaye shinikizo la damu limempanda hadi akapata mitukutiko. Kipimo cha kwanza, gramu 14, yaani 4 mshipani na 10 zikigawanywa katika makalio mawili, hutolewa kabla ya gari kuondoka. Ugonjwa huo tumeuita kifafa cha mimba. Sijui ni nani aliyeufikiria mtajo huo, lakini hakuwafikiria jamaa za mgonjwa. Kifafa katika jamii zetu nyingi ni ugonjwa wa aibu, unaohusishwa na mashetani, na mwenye nacho huogopwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1996 kutoka Bagamoyo ulionyesha jambo linalofanana na hili: mtoto aliyeambiwa ana degedege alipelekwa kwanza kwa mganga, kwa kuwa watu hawakuona kwamba degedege na malaria ni jambo moja. Jina lilimwelekeza mgonjwa njia isiyo yake. Nasi tumempa mama wa Diff jina la kifafa, kisha tunashangaa mumewe anapoomba kwanza aitwe sheikh amsomee.

Nitaulizwa: watu wa Diff ni Wasomali, Kiswahili kinawahusu nini? Si bora vibandiko na maelezo yaandikwe kwa Kisomali? Naam, yaandikwe. Siombi Kiswahili kichukue nafasi ya Kisomali kitandani pa mgonjwa. Ninachosema ni kwamba tafsiri ya Kisomali itachotwa kutoka Kiswahili cha muuguzi, na maji machafu hayasafishwi kwa kuhamishiwa mtungi mwingine. Wala siombi majina ya dawa yatafsiriwe. Jina la kimataifa lililo kwenye chupa libaki, kwani ndilo linalozuia dawa moja kushikwa badala ya nyingine. Hapa natofautiana na baadhi ya wenzangu wanaotaka kila kitu kipate jina la asili. Lakini hata Kiingereza chenyewe kimerekebishwa kwenye chupa: mwaka 2016 Marekani iliacha kuandika nguvu ya adrenalini kwa uwiano, yaani 1 kwa 1,000 au 1 kwa 10,000, ikaamuru iandikwe kwa miligramu, baada ya uwiano huo kuwakosesha wahudumu vipimo. Wenye lugha ya chupa wameona haja ya kusahihisha. Sisi wenye lugha ya mdomo tunangoja nini?

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, Ibara ya 43, inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Ibara ya 7 inakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inataka mgonjwa aarifiwe, inapowezekana, kwa lugha anayoielewa. Kwa kawaida Ibara ya 7 husomwa na watu wa lugha na Ibara ya 43 na mawakili wa afya, na hawakutani. TUKI ilitoa Kamusi ya Tiba mwanzoni mwa miaka ya 2000, kazi ya heshima, lakini kamusi ni ya rafuni. Muuguzi aliyeshika sindano kwa mkono mmoja na tochi kwa mwingine hafungui kamusi.

Chama chetu kina wanachama wanaotoka Garissa, Wajir na Mandera, wanaokijua Kisomali kwa kunyonya na Kiswahili kwa kusomea. Chuo cha Mafunzo ya Utabibu kina tawi Garissa mjini. Ombi langu kwa kamati ya mwaka huu ni kwamba, badala ya kongamano jingine juu ya nafasi ya Kiswahili katika utandawazi, twende tukaketi na wakunga na madereva siku mbili, tuandike kadi moja ya kurasa mbili, Kiswahili upande mmoja na Kisomali upande wa pili, yenye dawa zisizozidi sita na sentensi za kuzielezea. Sentensi ya kwanza iwe swali: mama amejifungua saa ngapi, na ni saa ya jua au ya karatasi?